Bakuli la Pudini kwa Wamethodisti

Ijumaa, 3 Oktoba

Na ndiyo maana nikamjibu shemeji Thurman kwamba hatuhami. Abaki huko Atlanta na foleni zake za magari! Eti ghala lake lina nafasi ya kazi ya kubeba maboksi, eti Macon ni mji wa kuzeekea. Macon hii! Yenye hospitali, maghala, na sasa kiwanda kipya cha betri kikubwa kuliko uwanja wa mpira. Nilimwambia aje ajionee. Akacheka kama mbuzi.

Tatizo ni moja. Tangu kiwanda cha mazulia kifungwe sina kazi, na mke wangu Ovella hupata kibarua msimu wa kumenya njugu za pekani tu. Nisipopata kazi mwezi huu, tunahama. Siku ya harusi, wiki tano zilizopita, nilimwapia kwamba hataondoka mji aliozaliwa. Alilia. Mimi nililia zaidi.

Lakini nina mpango! Bwana Stubbs, anayeajiri watu kiwanda cha betri, anaimba besi kwa Wamethodisti. Jumapili wana chakula cha pamoja, kila mtu na sahani yake. Mimi ni Mbaptisti, nilizamishwa mtoni nikiwa na miaka tisa. Jumapili nitakuwa Mmethodisti.

Jumamosi, 4 Oktoba

Ovella amepika pudini ya ndizi. Mikono ile! Nimemwambia ni ya mjomba anayeumwa mgongo. Akauliza mjomba yupi. Nikambusu.

Jumapili, 5 Oktoba

Nilikaribia sana! Bwana Stubbs alipakua mara tatu. Akauliza nani kapika. Nikasema mimi, kwa mikono yangu, kama alivyonifundisha bibi, Mmethodisti kama mimi.

Pudini ikaisha. Akaligeuza bakuli.

Ole wangu! Chini yake, kama chini ya kila bakuli la mji huu linalokwenda kanisani, kulikuwa na utepe wa karatasi. Jina, kanisa na namba ya simu: Ovella Gaines, Baptisti ya Hebroni Mpya. Hata mtoto wa hapa anajua kuutazama utepe. Mimi nilisahau!

Bwana Stubbs aliusoma kwa sauti yake ya besi, meza zote zikasikia. Bibi mmoja mwenye kofia ya zambarau akaniambia, “Karibu, Ovella, mwanangu. Ndevu zimekukaa vizuri.”

Nilikimbia. Bakuli limebaki.

Jumatatu, 6 Oktoba

Ovella kaniuliza mjomba anaendeleaje. Nikasema kapona kabisa. Akasema ajabu, maana Bwana Stubbs amempigia simu kuhusu bakuli.

Nikakiri yote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nani mwingine ana mke wa namna hii?

Kumbe waliongea nusu saa. Ovella alimweleza anavyowapangia zamu wanawake thelathini wakati wa kumenya pekani, na hakuna anayegombana. Bwana Stubbs kamwambia afike Alhamisi kwa usaili. Yeye! Mimi hakunitaja. Ovella anasema alinitaja kidogo, ila hataki kurudia.

Alhamisi, 9 Oktoba

AMEPATA! Msimamizi wa zamu ya asubuhi! Ametoka getini na kofia ya kiwanda kichwani, nikapiga honi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia yule ni mke wangu. Nikamwambia mara mbili.

Hatuhami!

Nimempigia shemeji kabla sijavua viatu. Akauliza: na wewe, bwana mkubwa, umepata nini? Nikamjibu: mimi nimempata dada yako.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ovella anasema somo liko wazi: niende kuomba kazi kwa jina langu na kanisa langu, mchana kweupe. Mpenzi wangu ana akili nyingi, ila hili kalikosea. Mpango ulikuwa safi. Kilichoniangusha ni utepe tu.

Basi nimebandua tepe za mabakuli yote saba na kubandika mpya, zenye jina langu. Nimeandika Presbiteri, kwa sababu mkuu wa wahudumu pale hospitali, anayeajiri, ni mzee wa kanisa huko. Nimeshampigia mchungaji wao. Nimemwambia ukoo wetu ni Wapresbiteri tangu enzi za babu, na kwamba kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kuwatembelea, mimi, mke wangu msimamizi, na pudini niliyopika mwenyewe.