Mabaunsa wa Florini

Jumatatu, Februari 3
Profesa Hrycak katangaza mashindano ya molekuli, Ijumaa, bwawani nyuma ya chuo. Barafu imeshika. Sleji ndiyo naitrojeni, mwenyewe unakaa ndani. Mbele kamba tatu za atomi. Nyuma kamba ya jozi pweke, elektroni mbili zisizoshikana na atomi yoyote. Sleji itakayokwenda mbali ndiyo yenye dipoli kubwa, yaani mvuto ulioelemea upande mmoja, na zawadi ni kazi ya maabara kiangazi hiki. Nafasi moja tu. Nikiikosa, narudi kwa mjomba Gerhard kuzoa kinyesi cha nguruwe. Sirudi ng'o!

Jumanne, Februari 4
Colette Gaudet wa darasani kwetu kachagua haidrojeni. Vibonde wale! Mimi florini, hakuna atomi inayovuta kama hiyo. Nimepata wachezaji watatu wa hoki, shingo kama magogo, kwa ahadi ya pirogi, vile vimaandazi vya viazi. Colette akaniuliza kama nimeifikiria jozi pweke. Nikamwambia, dada, hawa watamwogopa nani huko nyuma? Akasema haya bwana, kila la heri. Wivu tu.

Ijumaa, Februari 7
Aibu gani hii! Jozi pweke ni wapishi wa kantini, Bi Nadia na Bi Stefa, mikono ya kukanda unga miaka nenda miaka rudi. Haidrojeni za Colette hazina ubavu wa kuvuta, kwa hiyo kanuni inazitaka zisukume kuelekea nyuma, kule kule wanakovuta wapishi. Sleji ikateleza mpaka kwenye matete. Zamu yangu: mabaunsa mbele, wapishi nyuma. Mimi katikati, suruali ikachanika. Tulisogea shibiri moja. Bi Stefa akanipa pole, akauliza kwani nilidhani wamekuja kuota jua.

Jumamosi, Februari 8
Nimembembeleza Profesa. Kasema haya, Jumatatu, lakini Verlyn, angalia kamba zinaelekea wapi, usiangalie misuli tu. Nimeangalia. Adui ni wapishi! Boroni haina jozi pweke. Kwaheri naitrojeni.

Jumatatu, Februari 10
Nyuma hakuna mtu, kwa hiyo kamba tatu zikagawana pande zote sawasawa. Mabaunsa wakavuta mpaka wakatoa mvuke. Sleji haikusogea hata unywele. Bi Nadia alicheka mpaka akakaa chini kwenye barafu. Profesa, kwa huruma, kanipa Alhamisi, mara ya mwisho kabisa.

Jumanne, Februari 11
Kosa nimeliona. Watatu ni wachache! Salfa inashika florini sita, pande zote sawasawa, na jozi pweke haina hata moja. Colette alipoiona michoro yangu alinishika mkono, akaniapia kwamba hatasema neno. Roho nzuri, masikini, keshajua kashindwa. Nimeongeza mabaunsa watatu. Jioni mjomba Gerhard akapiga simu, kaninunulia mabuti mapya ya bandani. Nimemwambia ayarudishe dukani.