Nyanya za Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

"Mmea ulioonja ugonjwa kidogo hujifunza kujilinda mwili mzima." Maneno ya shemeji, mume wa dada yangu mdogo, mbele ya kamati nzima ya maabara. Hujifunza! Kwa mwalimu gani? Nyanya ama ina jeni ya kinga, ama haina. Basi. Zangu zinayo, niliipandikiza mwenyewe, nimezeeka nayo. Zake ni nyanya za sokoni. Eti atazipaka bakteria kidogo kwenye majani ya chini, na mmea wote utakuwa macho. Upuuzi wenye shahada!

Kamati imeamua: nyanya zangu na zake zitanyunyiziwa bakteria wa ugonjwa wa madoa kwa pamoja. Mshindi anabaki na banda la kioo. Anayeshindwa anahamia stoo ya nyuma ya choo. Stoo haina dirisha. Mimea yangu itakufa kwa giza, nami nitaifuata.

Jumanne, 5 Machi

Dada kashikwa na uchungu. Shemeji kakimbilia hospitali, kaacha hata glavu mezani. Banda tupu! Hila ilikuja yenyewe, sikuiita. Nikachovya pamba kwenye bakteria, nikapaka nyanya zake zote. Majani ya chini tu, yasionekane. Siku ya jaribio ikifika zitakuwa hoi tayari. Mtunza banda akapita, akauliza kulikoni, mzee. Nikamwambia namsaidia shemeji. Sikupepesa jicho.

Jumatatu, 11 Machi

Kamati imenyunyizia. Kabla ya hapo shemeji, baba mpya, macho mekundu kwa kukesha, alitaka kujitoa. Eti mtoto alimshughulisha, hakupata nafasi ya kupaka chochote. Nikamkatalia katakata! Nikamwambia asituaibishe ukoo. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwisha.

Nyanya zangu zina madoa hadi kwenye vikonyo. Jeni imo, lakini imelala usingizi wa pono! Za shemeji zimesimama wima kama askari wa gwaride. Madoa yapo majani ya chini tu, palepale nilipopaka. Shemeji mwenyewe kaduwaa. Kamati ikauliza nani alizipaka. Mtunza banda, meno yote nje, akaninyooshea kidole: si mzee huyu hapa, alikuwa anamsaidia shemeji yake!

Shemeji akanikumbatia, akalia begani mwangu. "Shem, na ubishi wako wote ule!"

Nikikana, mimi mhujumu. Nikikubali, nimeithibitisha nadharia yake kwa mkono wangu mwenyewe. Nimekubali. Wakanipigia makofi, kisha wakanikabidhi ufunguo wa stoo. Jioni dada akapiga simu: kaka, Mungu akuzidishie. Sijawahi kushukuriwa vibaya namna hii.

Alhamisi, 21 Machi

Naandika stooni, ndoo ya deki miguuni, mabaki ya nyanya zangu kwenye mfuko wa taka. Maji ya choo yanapita ukutani kila mtu akivuta. Kazi ya maisha yangu, na huu ndio muziki wake.

Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: nilipaka kidogo mno!

Na bado nasema, mmea haujifunzi kitu. Wanakamati, ninyi mliopiga makofi, nawaandikia kesho asubuhi: rudieni jaribio! Nyanya zilezile za shemeji. Na ufunguo wa banda nipeni mimi, wiki moja kabla.