Kamati ya Kuwapa Vijana Nafasi

Mfuko wetu wa Jamii una furaha kuutangazia umma kwamba, kuanzia sasa, vijana wa mtaa huu watasaidiwa, wakitaka wasitake. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Kuwapa Vijana Nafasi, kwa hiyo sehemu kubwa ya furaha hiyo ni yangu.

Kabla yetu mambo yalikuwa ovyo. Kila siku saa kumi, wakitoka shule, vijana ishirini na wawili waliingia ukumbi ulio nyuma ya zahanati wakashona nguo. Fundi cherehani mmoja, mama mwenye vyerehani sita na ulimi mkali, aliwafundisha bila mkakati, bila dira, bila hata bango. Walichojua ni kushona tu.

Tukaunda kamati ya watu tisa. Kamati ilihitaji mahali pa kukutania, na sote tulikuwa na nafasi saa kumi mpaka saa kumi na mbili.

"Sasa watoto wangu washonee wapi?" fundi aliuliza.

"Mama, ndio hao tunaowajadili."

"Si muwajadilie barazani?"

"Barazani kuna jua," alisema Mwenyekiti, na hoja ikapita.

Vijana wakahamia barazani. Mvua zilipoanza, vyerehani viwili viliingia kutu na wasichana kumi wakaacha kuja. Upungufu huo tuliubaini mapema sana, tukauundia kamati ndogo.

Mimi nikaandika Kanuni ya Tano, ya kuwabana wavivu: kila atakayeingia ukumbini alasiri atasaini daftari la mahudhurio, na mwisho wa muhula kila aliyesaini ataonyesha vazi alilolishona mwenyewe. Asiye na vazi, ukumbini hana nafasi. Mwenyekiti aliisifu kwamba ina meno. Nikaigonga muhuri mara mbili.

Fundi aliisoma polepole. "Kila atakayeingia?"

"Kila mmoja, mama. Hapa hakuna upendeleo."

"Haya. Sainini basi."

Tukasaini kwa madaha, wiki kumi na moja. Mwenyekiti alitumia wino wa kijani.

Siku ya tathmini, makao makuu ya Mfuko yalimleta mkaguzi, mama wa makamo ambaye hata soda yetu hakuigusa. Alifunua daftari.

"Wanafunzi tisa. Mahudhurio mazuri mno. Nguo zao ziko wapi?"

Mwenyekiti alicheka peke yake. "Mheshimiwa, hao ni sisi. Sisi ndio kamati."

"Kanuni inasema kila atakayeingia. Muhuri huu ni wa nani?"

Wenzangu wanane walinigeukia. Sijawahi kuuchukia muhuri kama siku ile.

Fundi akawaita vijana kumi na wawili waliobaki. Waliingia wamevaa walichokishonea barazani: sare, magauni, koti moja lenye bitana. Mkaguzi aliligeuza lile koti ndani nje, akatafuta kosa, akalikosa. Palepale akamkabidhi fundi ufunguo wa ukumbi.

"Na sisi?" Mwenyekiti aliuliza kwa sauti ndogo. Kamati isiyo na ukumbi huvunjwa. Hiyo ni Kanuni ya Pili, nayo niliiandika mimi.

"Nyinyi mna muhula mmoja wa kurudia," mkaguzi alisema. "Mtashonea barazani."

"Barazani kuna jua."

"Mtazoea."

Kwa hiyo Mfuko una furaha kutangaza kwamba wale wasichana kumi wamerudi ukumbini, na kamati nzima imesajiliwa barazani. Mwenyekiti amejichoma sindano mara nne. Jana nilimpelekea fundi kola yangu ya kwanza, kazi ya siku tatu. Aliivuta kidogo tu, nyuzi zikaachia mkononi mwake. Binti mmoja wa darasa la sita alijiziba mdomo, mabega yakitikisika.

"Katibu," fundi alisema bila kuinua macho, "fumua, uanze upya."