Wapangaji wa Ganda la Zabibu

Kazi Profesa hakuwa nayo. Mdomo alikuwa nao, na siku ile aliuhitaji kuliko siku zote, maana asubuhi dada yake, fundi cherehani aliyemlaza bure chumba cha nyuma, alikuwa amemsimamia mlangoni na mkasi mkononi.

"Mdogo wangu, nakupenda, tumbo letu ni moja. Lakini mwezi ukiisha huna kazi, chumba nampa mwenye kazi. Na ile ya kuuza simu zisizo na betri usiniambie ni kazi."

Basi Profesa (cheo hicho alijitunuku mwenyewe, bila hata sherehe) akaenda kwa kinyozi kupoza kichwa. Redioni mtaalamu alikuwa akieleza kwamba juu ya ganda la zabibu kuna mtaa mzima: vijidudu maelfu kwa maelfu, vinazaana, vinagombania nafasi, na vingine ni hamira ya kuumua unga.

"Uongo mtupu," aliwaza Profesa kwa heshima zote, kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. "Lakini uongo mzuri jamani!"

Akaokota sokoni zabibu zilizopondeka, akazitumbukiza bila kuziosha kwenye chupa ya maji na sukari, akaisukuma uvunguni. Baada ya siku chache ikatoa povu.

"Zimeoza," akasema, akiziba pua. "Haidhuru. Nitasema ni vijidudu wanapumua."

Mteja alishamchagua: Mama Mkate, mwenye tanuri la mtaa wa pili, mwanamke mwenye mkono wa birika hata chumvi aliitia kwenye unga kwa huzuni. Chupa ya kwanza angemwuzia kwa bei ya kutupa. Mkate ukikataa kuumuka, angemwambia wale ni wachache, aongeze chupa ya pili, ya tatu, mpaka mama achoke au Profesa afungue ofisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni mchango, nimeshafunga."

"Nimekuletea hamira hai. Wapangaji wa ganda la zabibu! Hebu wasikilize." Akamsogezea chupa sikioni. Sss, ikasema chupa.

"Wanakula nini hawa?"

Swali hilo Profesa hakujiandaa nalo, lakini mdomo haukumsubiri. "Unga na maji, mama, kila asubuhi. Usipowalisha watakufa, na mimi sitaki lawama."

"Niwaweke wapi?"

"Karibu na tanuri, lakini si karibu sana. Kama mama mkwe."

"Wanazaana?"

"Mama! Hawana kazi nyingine."

Mama Mkate akavuta bei mpaka ikabaki nusu, akanunua. Profesa akarudi nyumbani akicheka peke yake njiani.

Siku zikapita, malalamiko hakuna. Hilo likamnyima raha. Alipokwenda kuchungulia alikuta foleni mpaka barabarani, mikate imevimba mashavu, na rafu nzima ya chupa zinazotoa povu. Waoka mikate wa mitaa mingine walikuwa wakizinunua.

"Karibu na tanuri, lakini si karibu sana," Mama Mkate alikuwa akimweleza mmoja wao. "Kama mama mkwe." Yule akacheka mpaka akashika ukuta.

Profesa akapenya foleni mpaka mbele. Hata utani wake umeuzwa!

"Mama, hizi si zile zangu?"

"Yako ilikuwa moja, mwanangu. Hawa ni wajukuu."

Alishika kichwa. Miaka yote ameuza uongo na riziki ikapatikana. Siku aliyouza kweli, tena kwa bahati mbaya, kiwanda kizima kimeondoka na mteja.

"Basi na mimi nitatengeneza nyingine niuze!"

"Uza. Nani mjini hapa atakubali kununua chupa kwako?"

Profesa akahesabu mitaa kwa vidole. Katika kila mmoja alishauza simu isiyo na betri. Mama Mkate akamwonea huruma, na huruma yake ilikuwa ya bei nafuu: akamwajiri kulisha chupa.

Jioni hiyo, mwezi ukiwa umekwisha, alimkimbilia dada yake. "Dada, nimepata kazi! Ya halali!"

"Kazi gani?"

"Kuna vijidudu vinaishi kwenye ganda la zabibu. Vimehamia kwenye chupa. Mimi navilisha unga kila asubuhi, nalipwa mshahara. Haki ya Mungu, dada!"

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akaanza kukunja godoro.

"Siku zote ulinidanganya vizuri, mdogo wangu," alisema. "Leo hata hukujitahidi."