Elektroni Imepandisha

Jumanne, 10 Juni 2025
Bi Twaiba, mwalimu mkuu wetu hapa Msambweni, ametangaza kwamba Jumamosi wazazi watatembelea maabara. Atakayewafahamisha vizuri ndiye atakayekuwa mkuu wa idara ya sayansi. Eti atakayewafahamisha! Miaka kumi na moja nafundisha fizikia, mimi Dzombo. Mwalimu mwenzangu Jacktone ana miaka miwili tu tangu aje kutoka bara. Cheo ni changu! Nitachoma chumvi, moto uwe wa manjano. Kisha mrututu, yale madini ya buluu yenye shaba, uwe wa kijani. Na nikiongeza gesi, ile chumvi itapanda mpaka iwe ya kijani vilevile. Jacktone anasema haiwezi. Kijicho hicho.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwama kwenye neno. Darasani tunasomesha kwa Kiingereza, wazazi wanataka Kiswahili. Elektroni ikipata nishati ya moto huruka ngazi ya juu. Haikai. Hushuka, na ikishuka hutoa mwanga. Huko kuruka tukuiteje? Jacktone akaniambia kamusi inasema kusisimka. Kusisimka! Elektroni ina vinyweleo? Na tangu lini Jacktone akanifundisha mimi Kiswahili? Nimechagua langu: kupandisha. Fupi, safi, la kwetu.

Jumamosi, 14 Juni
Fedheha! Nilianza vyema. Nikawaamkia wazazi, nikawasha gesi, nikatia chumvi. Manjano tupu. Nikatangaza kwa sauti: "Elektroni imepandisha!"

Mzee mmoja akasoma auzubillahi, akahamia kiti cha mlangoni. Akina mama wawili wakakusanya leso zao, wakatoka. Kumbe kwao anayepandisha ni mwenye pepo tu!

Aliyebaki mbele ni Bi Mbeyu wa kijiji cha Bodo, nyanyake Husna wa kidato cha tatu. Huyu ndiye anayeitwa watu wakipandwa na pepo, awatulize. Akasogea, akaniuliza kwa upole huyo anataka nini. Nikamjibu hataki kitu, anataka moto. Nikaongeza gesi. Manjano. Nikaongeza tena. Manjano! Akanishika mkono. "Mwanangu, muwache. Wa manjano ni wa manjano. Kila mmoja ana nguo yake na kiasi chake, ukimpa kisicho chake hakipokei."

Nikamwambia, mbele ya wote, kwamba hii ni sayansi, si ngoma ya pepo. Jacktone akadakia, akimwita nyanya kwa Kiswahili chake cha bara: "Shosho ako sawa kabisa!" Akachoma mrututu, kijani. Akaeleza kwamba elektroni hupokea kipimo kamili cha kuipandisha ngazi, si zaidi si pungufu, na kila madini yana rangi zake. Wazazi wakarudi ndani. Bi Mbeyu akapigiwa makofi. Makofi! Kwa gesi niliyowasha mimi!

Jumapili, 15 Juni
Bi Twaiba amepiga simu. Bado hajaamua, lakini kwanza nimwombe radhi Bi Mbeyu. Mimi! Nimekwenda Bodo hivyo hivyo. Shikamoo, marahaba, karibu mahamri. Nikaomba radhi. Akasema yamekwisha, mwanangu.

Ningeondoka hapo. Lakini nikaona bado anaamini alikuwa sahihi, na mwalimu hawezi kuliacha jambo kama hilo. Nikamweleza upya, muda wa saa moja na nusu, alipokosea. Akasinzia. Nikamwamsha.

Jumatatu, 16 Juni
Jacktone ndiye mkuu wa idara. Ufunguo wa maabara uko shingoni mwake, na anautembeza uwanjani makusudi ili niuone. Nimemwuliza Bi Twaiba kama ni yule bibi aliyenisema. La, anasema, Bi Mbeyu hakunilaumu hata kidogo. Ameshauri tu nipumzishwe, maana huenda kuna kilichonipanda.

Dhuluma tupu! Hata hivyo nimeketi, nikajikagua kwa haki, nikatafuta nilipokosea. Nimepapata. Gesi ilikuwa ndogo. Nimeshazungumza na mpishi mmoja wa hoteli kule Diani, ananiazima ule mtungi wao mkubwa. Chumvi itakuwa ya kijani, itake isitake.