Tuseme Mama Yuko Nje

Wapendwa wa humu, leo nimepata aibu ya kujaza gunia. Ngoja niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwingine.

Wiki jana alikuja hapa kambini Nakivale daktari mmoja wa chuo kikuu cha Mbarara. Si wa sindano. Yeye anachunguza maana ya maneno: sentensi inakuwa kweli wakati gani. Akanichagua mimi nimjibu maswali! (Niliishia darasa la sita, lakini natabasamu vizuri.)

Sasa, sisi wakimbizi, mtu mwenye karatasi akikuuliza maswali, hayo ni maisha yako. Jirani yangu Mama Neema akaniazima koti la mume wake. "Jibu kwa ufupi," akanionya. "Na usibadilishe maneno, watakufungia faili!"

Leo asubuhi nikafika ofisini kwake Mbarara. Jasho jingi.

"Tuseme una ng'ombe kumi," daktari akaanza. "Nikisema una ng'ombe watatu, nimesema kweli?"

"Daktari, mimi sina hata mbuzi! Andika hivyo, tafadhali."

Akaandika. Akafungua ukurasa mwingine.

"Tuseme mama yako anakungoja nje ya mlango huu..."

Sikungoja mwisho. Mama na mimi tulipotezana tukikimbia kutoka Kivu, nikiwa mtoto, na kila mwaka najaza fomu za kumtafuta. Nikaruka, kiti kikaanguka. Nje, kwenye benchi, mama mmoja alikuwa amesinzia, kitenge kimemfunika kichwa. Nikapiga magoti, nikamshika miguu.

"Mama! Ni mimi, Bahati!" (Nililia mpaka makamasi. Nasema yote.)

Akashtuka! "Wewe kijana, wacha miguu yangu! Mimi natoka kambi ya jeshi ya Makenke, watoto yangu iko shule!"

Kumbe ni mke wa askari, naye anangoja zamu yake ya kuulizwa. Wanafunzi wakajaa kwenye korido wakicheka. Daktari akanishika bega. "Pole, Bahati. Ulikuwa mfano tu."

Yule mama akanitazama, akanifuta uso kwa kitenge chake. Tukarudi ndani.

"Sentensi yangu ilikuwa: Bahati yuko karibu na mama yake," daktari akasema taratibu. "Katika mfano ule, ni kweli?"

"Ni kweli," nikajibu. "Lakini andika kwamba ilikuwa kweli mpaka mlangoni."

Chekeni basi, ila polepole. Naishi peke yangu, sina wa kugawana naye aibu hii.