Karanga Ndani ya Glavu

Jumatatu, 3 Machi

Zimebaki wiki mbili wodi ya moyo. Ijumaa ya wiki ijayo Profesa anasaini fomu yangu ya kufaulu au hasaini. Asiposaini, narudia wodi hii tangu mwanzo, na mtihani wa ubingwa naungoja mwaka kesho. Mama ameshautangazia ukoo mzima kwamba mimi ni bingwa wa moyo. Shangazi kila tukikutana ananipa mkono nimpime mapigo. Siwezi kurudia! Nitawatazama kwa macho gani?

Tatizo langu ni moja tu, dogo. Sisikii kitu. Wenzangu wakiweka stetoskopu kifuani mwa mgonjwa wanasikia vali, vile vilango vya moyo, moja inavuja, nyingine imebana, sijui damu inarudi ilikotoka. Mimi nasikia du-du, du-du, basi. Mara nyingine nasikia tumbo langu mwenyewe.

Na Profesa ana sheria yake: masikio kwanza, mashine baadaye. Kila asubuhi anachagua mgonjwa, anazima feni, wodi nzima kimya. Tunasikiliza mmoja mmoja, kisha kila mtu anasema alichosikia kabla ya kuona picha ya moyo. Hakuna kunong'onezana. Hakuna kuchungulia faili. Profesa ni mama mfupi, sauti ya upole, na bado namwogopa.

Leo mwenzangu ninayesomea naye ubingwa, huyu ninayemwita Masikio, amesema vali inavuja na sauti inaelekea kwapani. Profesa akaitikia kwa kichwa. Mimi nikasema nakubaliana na mwenzangu. Profesa akasema hajaniuliza nakubaliana na nani. Masikio akainamisha uso. Alikuwa anacheka, niliona mabega.

Mchana nikapata mpango. Kitanda cha nne yupo mzee aliyechezesha mpira maisha yake yote. Wodi nzima inamwita Refa. Moyo umechoka, miguu imejaa maji. Amelala hapa muda mrefu, na kila kinachosemwa kwenye raundi anakisikia, maana kazi nyingine hana. Anajua vali ya kila mtu, na humsikia sista akiambiwa nani ndiye wa kesho. Nikamwomba anisaidie kidogo. Akaniangalia kama mchezaji aliyejiangusha makusudi. Kisha akasema chakula cha hapa hakina chumvi, kijana wangu, ulimi umekufa. Anataka karanga. Za chumvi. Nyingi.

Chumvi kwake ni marufuku, kweli. Lakini karanga chache zitamfanya nini mtu mzima?

Jumanne, 4 Machi

Nimevumbua! Sista mkuu anakagua kila mfuko unaoingia wodini, hata vikapu vya wageni. Lakini nani atamkagua daktari mwenye glavu mfukoni? Nimejaza karanga ndani ya glavu, vidole vyote vitano, nikafunga fundo. Navaa namba nane na nusu, hakuna mwingine wodini mwenye mikono kama yangu, kwa hiyo zimeingia za kutosha. Mapatano na Refa: kidole kimoja, jibu moja.

Kidole gumba kikanipa kitanda cha sita: vali imebana, sauti inapanda shingoni. Kwenye raundi nikasikiliza nimefumba macho. Nikavuta pumzi. Nikasema vali imebana, Profesa, sauti inapanda shingoni. Profesa akasema vizuri. Vizuri! Masikio akasikiliza mara ya pili, kana kwamba moyo ulimsaliti.

Nimempigia Mama. Amesema yeye alijua tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeumbuka.

Kidole cha shahada kilinipa kitanda cha pili: vali inavuja, sauti inakwenda kwapani. Nikafika, nikamsikiliza bwana aliyekuwa amekaa kitandani, nikatoa maelezo ambayo hata mimi yalinigusa. Inavuja sana, nikasema. Sauti inasafiri mpaka kwapani, na nadhani hata mgongoni.

Profesa akaniuliza kama nimesikia hivyo kweli. Waziwazi, nikajibu.

Hapo mgonjwa wa kitanda cha pili akaingia kutoka bafuni, taulo begani. Yule niliyempima alikuwa mdogo wake. Alikuja kumwona kaka. Alipoulizwa kwa nini hakusema, akasema alidhani ni huduma ya bure kwa ndugu wa wagonjwa. Profesa akamsikiliza, Masikio akamsikiliza. Moyo mzima kabisa. Yeye mwenyewe hakusadiki. Alikuwa ameshavua viatu, akaanza kuuliza atalazwa kitanda kipi, na atampigia nani simu nyumbani.

Nikadhani Profesa atanifukuza hapohapo. Alichofanya ni kibaya zaidi. Alisema kwa upole kwamba labda mimi si mtu wa masikio, basi tuone kama ni mtu wa kutibu. Kuanzia leo Refa ni mgonjwa wangu. Jumamosi ya wiki ijayo Refa anaoza binti yake wa mwisho. Mabinti wawili waliotangulia waliolewa yeye akiwa uwanjani na filimbi mdomoni, na huyu amemwapia kwamba ataingia naye ukumbini kwa miguu yake. Miguu ikikauka kufikia Ijumaa, aweze kwenda, Profesa atasaini. Isipokauka, hasaini.

Rahisi! Dawa zipo. Tatizo ni glavu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimweleza Refa kwamba karanga basi, kwa ajili ya harusi. Akanisikiliza vizuri. Akasema mkataba ni mkataba, na yeye bado anadai vidole vitatu, majibu yake ameshayaandaa. Nikasema majibu siyataki tena. Akasema basi atayapeleka kwa Profesa, pamoja na habari ya nani aliyeyaagiza.

Huyu mzee alikuwa refa wa aina gani?

Nimempa vidole viwili. Harusi bado mbali.

Jumatatu, 10 Machi

Sista anapima wagonjwa uzito kila asubuhi kabla ya chai. Refa amepanda. Anapaswa kushuka, amepanda! Ukimbonyeza mguu, shimo linabaki pale linakutazama. Mshipa wa shingo umevimba. Usiku amelala amekaa, kwa mito mitatu.

Nimeongeza dawa ya kutoa maji. Sasa anashinda njiani kati ya kitanda na choo, na njiani anapata njaa. Analalamika kwangu. Nikimnyima karanga anatazama mlango wa ofisi ya Profesa na kukohoa. Tangu Ijumaa nimeshamletea glavu nyingine nne.

Kwenye raundi Masikio akauliza kama kuna mtu aliyemuuliza mgonjwa habari za chumvi. Nikamjibu kwamba jiko la wodi halitii chumvi, kila mtu anajua, na tusipoteze muda wa Profesa. Refa akaitikia kwa nguvu mno, midomo inang'aa mafuta.

Profesa akasema dawa imepanda, maji nayo yamepanda, jambo hili lina sababu. Akanipa kazi ya kuitafuta. Alhamisi niwaeleze wote kwa nini Refa hakauki.

Kwa hiyo sasa mimi ndiye mpelelezi. Sijawahi kuwa na kesi iliyo wazi namna hii.

Jumatano, 12 Machi

Binti wa Refa alikuja, yule bibi arusi mwenyewe. Alileta suti ya baba yake na viatu. Wakajaribu viatu. Havikuingia hata vidole. Binti akacheka, akasema haidhuru, Baba, utavaa kandambili. Kisha akatoka nje ya mlango akalia, na mimi nilikuwa palepale nje ya mlango. Alinishukuru. Alisema baba yake anamwambia kila siku kwamba kuna daktari mmoja hapa anamjali kama mwanawe.

Nilijisikia vibaya sana. Vibaya kabisa, mpaka mchana.

Jioni nikapata ufumbuzi. Mizani! Mizani ya wodi ni ya zamani, imegongwa na kila kitanda kilichopita hapa. Uzito wa Refa haujapanda. Mizani ndiyo imepanda! Miguu ni suala jingine, nitalieleza wakiuliza. Kesho nitawakusanya wote nithibitishe mbele yao. Nimeazima mizani mpya wodi ya watoto wakubwa. Refa nimempa glavu moja zaidi ili awe na furaha, asiharibu.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Walikuja wote. Profesa, Masikio, sista mkuu, mpaka mtu wa dawa. Nikazungumza vizuri juu ya mizani na jinsi madaktari tunavyoamini vyuma kupita kiasi. Profesa akapenda hapo. Nikamwita Refa. Nikasema, ili kipimo kiwe cha haki, mgonjwa avue joho lake zito. Mimi nilisema! Hakuna aliyeniuliza!

Refa akanikonyeza. Nikadhani ananitakia heri. Nikamvua joho mwenyewe, nikalikung'uta.

Glavu ikaanguka sakafuni. Imejaa. Kumbe hakuwa anazimaliza zote, nyingine alikuwa anaziweka akiba. Ikalala pale, vidole vitano vimenenepa, kama mkono wa mtu anayeomba msaada. Nyingine mbili zikafuata.

Kimya. Bila hata kuzima feni.

Sista mkuu akaokota moja, akafungua fundo, akanusa. Akasoma namba kwenye pindo la glavu. Nane na nusu. Kisha wote, polepole, wakatazama mikono yangu. Nikaiweka mfukoni, jambo ambalo sasa naona halikusaidia.

Refa akapanda mizani, akasimama wima. Akasema kosa ni la wachezaji wote wawili, yeye aliomba na mimi nilitoa, na kwamba kama angekuwa na kadi nyekundu angeanza kujionyesha mwenyewe. Halafu akamuuliza Profesa kama harusi ya Jumamosi sasa ndiyo basi.

Mizani zote mbili zilisoma sawa, kama kuna anayetaka kujua.

Profesa hakunipigia kelele. Alimkabidhi Refa kwa Masikio. Dawa ya mshipani, chumvi hakuna, maji kwa kipimo. Mimi aliniambia hasaini. Narudia wodi ya moyo tangu mwanzo. Tena akasema Refa akiweza kwenda harusini nitakwenda naye, nikae kando yake, na chochote chenye chumvi kisipite.

Mama sijampigia. Mtandao ni mbaya.

Jumamosi, 15 Machi

Masikio amemkausha. Si kabisa, lakini viatu viliingia, kamba zimeachwa wazi. Ruhusa ya saa chache. Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka mlango wa ukumbi. Pale akaniambia niache. Akasimama. Akamshika binti yake mkono wakaingia, hatua moja, pumzi, hatua nyingine, pumzi. Watu wote walisubiri. Binti alikuwa anatembea polepole makusudi ili ionekane ni madaha yake.

Nililia. Naandika bila aibu, nililia mpaka mpiga picha akaniomba nisogee.

Mezani nililinda sahani yake kama askari. Yeye matunda tu. Zilipopita karanga, tulitazamana. Nikazila zote mimi, asije akajaribiwa.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza tena. Mama nimemwambia nimeongezewa muda kwa sababu ya kipaji. Shangazi amefurahi.

Profesa ameniamuru nimsikilize Refa nusu saa nzima kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Nikasikiliza. Du-du, du-du. Baada ya muda kitu cha ajabu: kila baada ya "du" ya kwanza, pumzi ndogo, fuuu, kama mtu anapuliza chai. Nikasogeza kuelekea kwapani. Fuuu, ikanifuata mpaka huko! Refa akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia ukweli: stetoskopu yangu imetoboka, inapitisha upepo. Akafumba macho, akasema yeye angeongeza dakika za majeruhi, lakini kwangu haoni faida. Akanipa mkono, akaenda zake.

Nimeomba stetoskopu mpya stoo.

Kitanda cha nne kimeshapata mwenyewe. Karani mstaafu, mchangamfu, moyo wake nao umechoka, maji anapimiwa kwa kikombe. Tangu alazwe hajakosa neno hata moja linalosemwa wodini. Nimemuuliza kwa mbali kuhusu karanga. Amesema chumvi hagusi kabisa, anaiogopa.

Huyu ni salama! Anachotaka ni soda tu.

Nimejaza glavu maji kwenye bomba la chumba cha madaktari, nikaifunga, nikaigeuza juu chini. Haivuji hata tone.